Robert Felkin: Shahidi wa upasuaji wa Bunyoro wa mwaka 1879

Muuguzi anapomwekea mgonjwa mrija wa dripu, iwe Busia au Tororo, kwanza huipangusa ngozi kwa spiriti au klorheksidini na kuiacha ikauke. Sindano hutoboa ngozi inayoulinda mwili, na vijidudu vilivyo juu yake vyaweza kuingia katika damu. Katika historia ya kinga hiyo, Robert Felkin anakumbukwa kwa jambo aliloshuhudia Uganda.

Felkin alizaliwa Uingereza mwaka 1853, akaanza masomo ya udaktari mjini Edinburgh wakati Joseph Lister alipokuwa profesa wa upasuaji huko. Tangu 1865 Lister alikuwa akitumia asidi ya kaboliki kuzuia vidonda visioze, lakini madaktari wengi wa Uingereza walikuwa bado na shaka naye.

Mwaka 1878, kabla ya kuhitimu, Felkin alitumwa na shirika la wamisionari la CMS kwenda Buganda kwa njia ya Mto Nile. Mwaka uliofuata alifika Kahura, mahali ambapo wanahistoria hupaweka katika ufalme wa Bunyoro-Kitara. Huko alimwona mwanamke wa miaka ipatayo 20 akipasuliwa ili mtoto wake azaliwe.

Mganga alinawa mikono na kuliosha tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji. Baada ya kumtoa mtoto, alizuia damu kwa chuma cha moto, akafunga kidonda kwa misumari saba myembamba iliyokazwa kwa nyuzi za magome ya mti. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona, na mama na mtoto walikuwa hai.

Pombe ya ndizi haina ukali wa spiriti ya hospitali. Hata hivyo, mganga yule aliosha kabla ya kukata, katika zama ambazo upasuaji wa aina hiyo uliwaua wanawake wengi Ulaya.

Felkin aliwasilisha habari hiyo mbele ya madaktari wa uzazi wa Edinburgh mwaka 1884, pamoja na mchoro. Alifariki New Zealand mwaka 1926. Taarifa yake ingali ikisomwa na wanahistoria wa tiba, lakini jina la mganga wa Kahura halimo ndani yake.