Camilla Urso, msichana aliyetaka violini

Camilla Urso alizaliwa Nantes, Ufaransa, mwaka 1840. Baba yake, Salvatore, alikuwa mwanamuziki aliyepiga kinanda kanisani, na ni kanisani ndipo mtoto huyu alipoisikia violini na kuipenda. Akaomba afundishwe. Wakati ule watu waliona kwamba chombo hicho ni cha wanaume; msichana aimbe au apige piano. Baba alikubali, na baadaye akaacha kazi yake na kuhamia Paris na jamaa yake yote. Tunamheshimu baba huyo, maana waliishi huko katika umaskini.

Chuo cha muziki cha Paris hakikuwa na mazoea ya kupokea wasichana katika darasa la violini. Wakubwa wake walisita. Walipomsikia akipiga, walimpokea, akawa mwanafunzi wa Lambert Massart.

Mwaka 1852, akiwa na miaka 12, alivuka bahari kwenda Marekani. Sifa zake zilienea, hata akapiga Australia na Afrika Kusini.

Lakini kwetu sisi safari hizo ni ndogo kuliko siku moja ya mwaka 1893, Chicago. Mbele ya mkutano wa wanawake alidai okestra ziajiri wanawake, tena walipwe sawasawa na wanaume. Yeye mwenyewe alikuwa na jina tayari. Aliwatetea wale waliojifunza vizuri kisha wakafungiwa mlango.

Miaka ya mwisho alifundisha violini New York, akafariki huko Januari 1902.