Lumumba alipokuwa anauzisha pombe ya Polar

Patrice Lumumba tunamujua sote kama Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo. Lakini kuna kazi yake moja inasahauliwa: aliuzisha pombe.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 kule Onalua, Sankuru. Alifanya kazi ya posta Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Mwaka 1956 akafungwa juu ya feza za posta. Alipotoka gerezani mwaka 1957, kazi ya serikali ilikuwa imekwisha kwake. Kule Léopoldville, kampuni Bracongo ikamuchukua kutangaza Polar, iliyokuwa inashindana na Primus.

Basi akawa anapita baa kwa baa katika makartie ya Waafrika. Baa hizo ndogo zilikuwa biashara za Wakongo wenyewe, na ndipo watu walikuwa wanakutana kuongea mambo ya inchi. Oktoba 1958, chama MNC kilipoanzishwa, sura yake ilikuwa tayari inajulikana humo.

Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Kwa hiyo, ndugu musomaji, usizarau baa ndogo wala butike ya njia yenu.