Okot p'Bitek: Mwana wa mtambaji hadithi

WAFANYABIASHARA wetu wanaoshuka Kisumu alfajiri, wakingoja gari la kuwarudisha Busia, huenda hawajui kwamba mji ule uliwahi kumpa hifadhi Mganda mmoja aliyepoteza kazi kwao. Hakuwa mwanajeshi wala mwanasiasa. Mdomo wake ndio uliomponza.

Huyo ni marehemu Okot p'Bitek. Wengi humjua kwa Wimbo wa Lawino, kitabu kilichotoka Nairobi mwaka 1966 na baadaye kufasiriwa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa. Wachache wanajua kwamba ufundi ule aliupata kwa mama yake.

Okot alizaliwa Gulu mwaka 1931. Baba alikuwa mwalimu. Mama, Lacwaa Cerina, alikuwa mtunzi wa nyimbo na mtambaji hadithi aliyevuma. Kwa Waacholi, jioni huwashwa moto uwanjani, wang oo, wakubwa na wadogo wakauzunguka. Kutamba hadithi pale si mchezo. Mtambaji hodari humpa sungura sauti yake na tembo yake, na katikati ya kisa huingiza wimbo ambao wasikilizaji sharti wauitikie. Wasipoitikia, hadithi imekufa. Na mtunzi wa nyimbo za ngoma aliogopwa. Mwizi, bahili au mkubwa anayeonea watu akishatiwa katika wimbo, hana pa kujificha. Mpiga nanga naye alikaa penye pombe, akiwachambua walevi huku wakimcheka.

Okot alisoma Budo, akawa mwalimu, na mwaka 1956 alikuwamo katika timu ya taifa ya kandanda iliyozuru Uingereza na kucheza pekupeku. Timu iliporudi, yeye alibaki kusoma: Bristol, Aberystwyth, kisha Oxford. Huko Oxford, katika mhadhara wa kwanza kabisa, alimsikia mwalimu akiwaita Waafrika washenzi. Alipinga palepale. Tasnifu aliyoiwasilisha mwaka 1963 ilihusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango. Yaani yale ya moto wa mama yake aliyapeleka mbele ya maprofesa wale wale. Ile ya udaktari, kuhusu dini, waliikataa mwaka 1970.

Aliporudi nyumbani alianzisha tamasha la sanaa Gulu, kisha akawa Mganda wa kwanza kuongoza Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa, Kampala. Mwaka 1968, baada ya safari ya Zambia, kazi ikamponyoka. Wengi wamelihusisha jambo hilo na jinsi alivyoikosoa serikali. Akavuka mpaka, na Desemba ya mwaka huohuo alikuwa ameshaanzisha tamasha jingine, Kisumu. Mtu amepoteza ajira, na kitu cha kwanza anachofanya ni kukusanya waimbaji!

Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi 1978, akishikilia kwamba fasihi ni neno la sanaa, liwe limeimbwa, limesemwa au limeandikwa. Alitoa mkusanyo wa nyimbo za Kiacholi mwaka 1974 na wa hadithi mwaka 1978.

Hapa niseme langu. Wimbo wa Lawino nilikisoma Kenya, nikiwa mwanafunzi mkimbizi, na nikamcheka Ocol, yule mume msomi anayedharau kwao. Nilipohamia Masese, jioni moja umeme ulikatika na watoto wa jirani wakaniomba hadithi ya kwetu. Nilikuwa na vyeti viwili. Hadithi ya lugha ya mama sikuwa nayo hata moja, nikawasimulia kisa cha kitabuni kwa Kiswahili. Nyanya mmoja anayeuza mukene alinisikiliza kwa adabu, kisha akachukua zamu. Wale watoto walikesha kwake. Nadhani wengi tuliosomea ugenini tunayo aibu hiyo, ila hatuisemi.

Okot alirudi Uganda baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, akapata nafasi Makerere. Mwaka 1982 aliteuliwa kuwa profesa wa utunzi, na Julai ya mwaka huohuo akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 51. Wanafunzi wake wa utunzi ndio kwanza walikuwa wameanza.