Byron Kawadwa, mtunzi wa Uganda aliyelipia wimbo kwa uhai wake

Mwaka 1977, watu wa usalama wa Idi Amin walimkamata Byron Kawadwa katika Jumba la Taifa la Maigizo mjini Kampala, jumba ambalo yeye ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake wa sanaa. Hakurudi nyumbani. Aliuawa, ingawa hakuwa askari wala mwanasiasa. Alikuwa mtunzi wa michezo ya kuigiza, na mchezo uliompa jina kubwa kuliko yote ni ule wa nyimbo, Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Bwana Jogoo.

Kawadwa alizaliwa mwaka 1940, Uganda ikiwa bado mikononi mwa Waingereza. Jumba la Taifa lilipofunguliwa mwaka 1959, michezo mingi iliyoonyeshwa humo ilikuwa ya Kiingereza, na raia wa kawaida hawakuona mengi ya kuwahusu. Katika miaka ya 1960, Kawadwa alianzisha kundi la Kampala City Players na kuigiza kwa Kiganda. Watu waliposikia lugha yao jukwaani, walianza kuja kwa wingi.

Oluyimba lwa Wankoko ilitungwa mwaka 1971. Kawadwa aliandika maneno, na Wassanyi Serukenya, bingwa wa nyimbo za kwaya, akatunga muziki. Kazi hiyo si nyepesi. Kiganda, kama Kinyanga na Kihunde, ni lugha ambayo sauti ikipanda au kushuka pasipofaa, neno linageuka maana. Kwa hiyo muziki unapaswa kufuata njia ya maneno ili msikilizaji aelewe kinachoimbwa. Katika mchezo huu nyimbo si pambo la kupumzisha watu kati ya maneno. Ndizo zinazobeba hadithi.

Jambo hilo si geni kwa watu wa Bisie na Walikale yote. Kwa Wanyanga, kisa cha Mwindo, mtoto aliyekataliwa na baba yake mtemi Shemwindo, husimuliwa kwa kuimba na kucheza, huku wengine wakipiga mdundo na kuitikia. Humo pia, mtawala mbaya anasemwa mbele ya watu wote, kwa wimbo.

Wankoko wa Kawadwa ni mtu anayejipenyeza katika jumba la mfalme hadi kunyakua kiti kisicho chake. Watazamaji wa Kampala hawakuhitaji kuelezwa. Mwezi wa tano 1966, jeshi la Milton Obote lilishambulia jumba la Kabaka Mutesa wa Pili huko Mengo. Kabaka alikimbilia Uingereza, akafia London mwaka 1969. Amin alipompindua Obote mwezi wa kwanza 1971, Waganda wengi walishangilia, na mwaka uleule mwili wa Kabaka ukarudishwa kuzikwa kwao. Wakati huo, kumcheka Obote jukwaani hakukuwa na hatari.

Lakini kamanda wa askari walioshambulia Mengo alikuwa Amin mwenyewe. Kadiri watu walivyozidi kupotea na kuuawa, wimbo uleule ulianza kusikika tofauti. Sasa aliyenyakua kiti alikuwa mwingine.

Mwanzoni mwa 1977, mchezo huo ulipelekwa Lagos, Nigeria, kwenye FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililoanza tarehe 15 mwezi wa kwanza na kumalizika tarehe 12 mwezi wa pili. Uganda ilikuwa imemtuma Kawadwa kuiwakilisha mbele ya Afrika nzima. Siku nne baada ya tamasha kufungwa, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Kampala. Kawadwa naye alikamatwa muda mfupi baada ya kurudi. Wengi wanaamini kwamba utawala ulijitambua katika mchezo wake.

Kifo hicho kiliwatisha wasanii. Robert Serumaga, mtunzi mwingine mashuhuri, alikwenda uhamishoni, kisha akajiunga na waliopigana kumwondoa Amin. Kampala ilianguka tarehe 11 mwezi wa nne 1979, miaka miwili baada ya Kawadwa kuuawa. Kawadwa alikuwa na umri wa miaka 37 hivi alipokufa. Hadi leo, michezo ya kuigiza ya Kiganda inapozungumziwa Uganda, Wankoko hutajwa miongoni mwa ya kwanza.