Nasiruddin At-Tusi na Kitabu Kilichopigwa Chapa Roma

Katika wanavyuoni wa Kiislamu ambao majina yao yalifika Ulaya, hapana budi kumtaja Nasiruddin At-Tusi. Alizaliwa mwaka 597 wa Hijra (1201) katika mji wa Tus, nchi ya Khorasan. Alisoma Nishapur, kisha akasafiri hadi Mosul akazidisha ilimu ya hisabu na nyota kwa Kamaluddin bin Yunus.

Zama zake zilikuwa zama za msiba. Wamongoli walikuwa wakiiteketeza miji, naye akapata hifadhi kwa Maismaili katika ngome zao. Alipokuwa kwao, mwaka 646 (1248), alikamilisha kazi yake juu ya Misingi ya Euclid, Mgiriki aliyefundisha handasa Iskandaria yapata miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Kitabu hicho kilikuwa kimekwisha kutiwa katika Kiarabu zama za Bani Abbas na Al-Hajjaj bin Yusuf bin Matar, kisha na Is-haka bin Hunayn, ambaye tafsiri yake ilisahihishwa na Thabit bin Qurra. Tusi alizilinganisha tafsiri hizo, akabainisha zilipohitilafiana.

Alamut ilipoanguka mwaka 1256, Tusi aliingia katika utumishi wa Hulagu. Na mwaka 1258 Hulagu huyo huyo akaivunja Baghdad na kumuua Khalifa. Kwa hayo wako wanaomlaumu hata leo. Sisi hatuwezi kuufuta msiba wa Baghdad kwa sifa za ilimu; lakini insafu yatulazimu kusema pia kwamba kwa mali ya mfalme huyo alisimamisha Maragha jumba la kutazamia nyota, lililoanza kujengwa mwaka 1259, akakusanya humo vitabu na mabingwa. Alikufa Baghdad mwaka 672 (1274).

Miaka 320 baadaye, mwaka 1594, matbaa ya Kardinali Ferdinando de' Medici mjini Roma ilipiga chapa Misingi ya Euclid kwa Kiarabu, na jina la Tusi likatiwa juu yake. Mwishoni mwake ilitiwa amri ya Sultan Murad III ya mwaka 1588, iliyowaruhusu wafanya biashara kuuza vitabu vya namna hiyo katika dola ya Uthmaniya. Leo nakala zake ni adimu. Katika kitabu hicho mna dalili juu ya mistari sambamba, ambayo John Wallis aliisomesha Oxford, na Saccheri wa Italia akaijadili mwaka 1733, wote wakidhani ni ya Tusi.

Kumbe kitabu hicho si chake! Nuskha ya mkono yaonyesha kuwa kilimalizika mwaka 698 (1298), miaka 24 baada ya kufa kwake. Tena kitabu chake hasa kina makala 15, na hiki kina 13.

Basi tazameni, ndugu zetu: jina kubwa lilipachikwa kwenye jalada, na wataalamu wa Mashariki na Magharibi wakaliamini kwa karne nyingi. Waislamu wa kwanza hawakuipokea kauli mpaka wajue imetoka kwa nani. Jina katika ukurasa wa mbele si ushahidi. Na heshima ya Tusi haikupungua kwa kuvuliwa kisichokuwa chake. Kilicho chake chamtosha.