Maisha ya Askofu Samuel Ajayi Crowther

Katika nchi ya Wayoruba, upande wa magharibi wa Afrika, palikuwa na mji uliozungukwa na boma, jina lake Osogun. Nchi hiyo siku hizi imo katika Nigeria. Hapo alizaliwa, yapata mwaka 1809, mtoto aliyeitwa Ajayi. Ukoo wake walikuwa wafumaji wa nguo, watu wa heshima katika mji wao, naye alikua akilima na kufuga kuku kama watoto wenziwe.

Asubuhi moja ya mwaka 1821 jeshi la Wafulani, pamoja na Wayoruba waliofuatana nao, lilikuja likauzunguka mji. Baba yake Ajayi alikuja mbio nyumbani kuwaonya mkewe na watoto wakimbie, kisha akarudi vitani. Ajayi hakumwona tena. Mji ulichomwa moto, na wale waliokimbia wakakamatwa vichakani. Ajayi, mama yake na dada zake walifungwa kamba shingoni, wakachukuliwa mateka. Baadaye aliachanishwa nao. Mara moja alibadilishwa kwa farasi, akarudishwa. Kisha akauzwa tena na tena, mpaka akafika pwani mikononi mwa Wareno. Wakati huo alikuwa mvulana wa miaka kumi na mitatu hivi.

Mwezi wa Aprili 1822 aliingizwa katika merikebu ya watumwa iendayo ng'ambo ya bahari. Lakini Waingereza walikuwa wamekwisha kuipiga marufuku biashara hiyo, na manowari zao zililinda pwani. Merikebu ile haikufika mbali. Ilikamatwa, na watumwa wakapelekwa Freetown, katika Sierra Leone, mahali palipowekwa kwa watu waliookolewa.

Huko Ajayi alitiwa katika shule ya Misioni. Alijifunza kwa bidii nyingi, hata kwa muda wa miezi sita akaweza kusoma Agano Jipya kwa Kiingereza. Alifundishwa pia kazi ya useremala. Katika mwezi wa Desemba 1825 alibatizwa, akapewa jina la Samuel Crowther, ambalo lilikuwa jina la kasisi mmoja wa London. Mwaka 1827 alikuwa mwanafunzi wa kwanza kuandikwa katika chuo cha Fourah Bay. Baadaye alioa mke, jina lake Susan, ambaye alikuwa ameokolewa pamoja naye katika merikebu ile ile.

Katika mwaka 1841 Waingereza walipeleka vyombo vya moshi viupande mto Niger, wapate kufanya urafiki na wafalme wa bara, kufungua biashara iliyo halali na kuizuia ile ya watumwa. Crowther alichaguliwa kwenda nao. Safari hiyo ilikuwa ya huzuni. Homa iliwashika Wazungu karibu wote, na wapata arobaini wakafa. Walipotafakari msiba huo, Crowther na mwenziwe, mmisionari J. F. Schön, waliona mambo mawili. La kwanza, Injili haitaenea katika nchi zile kwa Wazungu peke yao; sharti ichukuliwe na Waafrika wenyewe. La pili, sharti ihubiriwe kwa lugha za watu wa nchi. Mawazo hayo mawili yaliongoza maisha yote ya Crowther.

Mwaka 1843 alipewa ukasisi katika Uingereza. Aliporudi Freetown alianzisha ibada kwa lugha ya Kiyoruba, mwezi wa Januari 1844. Palikuwa na Wayoruba wengi katika mji ule, nao kwa miaka mingi walikuwa wamesikia maneno ya Mungu kwa Kiingereza tu. Siku ile walikusanyika kwa wingi, wakashangaa kusikia lugha ya mama zao ikisomwa kanisani na mtu wa kabila lao.

Kisha alipelekwa na chama cha C.M.S. kwenda nchi yake mwenyewe, pamoja na wamisionari wa Ulaya. Walifika Abeokuta katika mwaka 1846. Mwezi wa Agosti, miaka ishirini na mitano baada ya siku ya vita, mama yake alisikia habari zake, akaja kumtafuta. Walipoonana walishikana mikono, wakatazamana kimya, machozi yakiwatoka. Mwaka 1848 mama huyo alibatizwa, akaitwa Hana, jina la mama yake Samweli katika Maandiko.

Kazi kubwa ya Crowther katika Abeokuta ilikuwa kutafsiri Biblia. Kazi hiyo si nyepesi, maana Kiyoruba ni lugha ya kupandisha na kushusha sauti. Neno moja likitamkwa kwa sauti ya juu lina maana hii, na kwa sauti ya chini lina maana nyingine kabisa. Tena Crowther alikuwa ameondoka kwao angali mtoto. Basi hakuona haya kujifunza. Alikaa na wazee, akawasikiliza hata wale walioshika dini ya kale, akaandika maneno yao na methali zao. Kamusi yake ya mwaka 1852 imejaa methali za Kiyoruba. Kwa msaada wa wenziwe kazi iliendelea kitabu baada ya kitabu, hata Biblia nzima ikapatikana kwa Kiyoruba katika miaka ya 1880.

Faida ya kazi hiyo ilionekana siku ya taabu. Katika mwaka 1867 palitokea ugomvi kati ya watawala wa Abeokuta na Waingereza wa Lagos. Makanisa yaliporwa, na wamisionari wote wa Ulaya wakafukuzwa mjini. Watu wengine walidhani Ukristo umekwisha. Lakini haukwisha. Walimu Waafrika waliendelea kufundisha, na Wakristo waliendelea kusali, kwa sababu neno walilolishika lilikuwa katika lugha yao, na waliowaongoza walikuwa ndugu zao.

Katika London alikuwako mzee mmoja aliyefurahia habari kama hizo. Huyo ni Henry Venn, katibu wa C.M.S. Yeye aliamini kwamba kanisa lililo kamili hujilisha lenyewe, hujitawala lenyewe, na kujieneza lenyewe. Alisema kazi ya mmisionari ni kama ya mjengaji, ambaye nyumba ikisimama huondoa majukwaa aliyokuwa akipandia. Kwa shauri lake Crowther aliwekwa kuwa askofu katika kanisa kuu la Canterbury, tarehe 29 Juni 1864. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa uaskofu katika Kanisa la Kianglikana. Hata hivyo wamisionari wengine wa Ulaya waliokuwa Abeokuta hawakukubali kutawaliwa naye. Kwa hiyo kazi yake kubwa ikawa katika nchi za mto Niger.

Alikuwa ameanza kazi huko tangu mwaka 1857, pamoja na kasisi J. C. Taylor, aliyekaa Onitsha katika nchi ya Waibo. Watenda kazi wote wa Misioni ile walikuwa Waafrika, na wengi walitoka Sierra Leone. Palipokuwa na Waislamu, Crowther hakupenda mabishano. Alikwenda kwa wafalme wao kwa adabu, na walipomwuliza neno aliwajibu kwa kuwasomea Maandiko. Katika Bonny, karibu na bahari, mfalme mwenyewe aliomba walimu, maana alitaka watoto wapate elimu. Watu wa mji huo walikuwa wakiwaheshimu kenge kama miungu, wala hakuna aliyethubutu kuwaua, ijapokuwa walikula kuku wa watu. Lakini mwaka 1867, siku ya Pasaka, mfalme aliamuru kenge wauawe. Kanisa la Bonny lilikua, likawavuta hata watumwa, na wengine waliteswa kwa imani yao. Mwaka 1875 mtumwa mmoja, Joshua Hart, aliuawa kwa sababu alikataa kula nyama iliyotolewa kwa miungu.

Lakini nyakati zilibadilika. Henry Venn alikufa mwaka 1873. Kisha mataifa ya Ulaya yakaanza kugawana nchi za Afrika, na Wazungu wengi wakajiona kwamba wao ndio wa kutawala kila jambo, hata mambo ya kanisa. Tena dawa ya kwinini ilikuwa imewawezesha kukaa katika nchi za homa, basi hawakuona haja ya kuwategemea Waafrika kama zamani.

Ni kweli kwamba Misioni ya Niger ilikuwa na makosa. Vituo vilikuwa mbali mbali, askofu alikuwa mzee, na baadhi ya wasaidizi walipenda biashara kuliko kufundisha, au hawakuwa na mwenendo mwema. Crowther alikuwa mpole, pengine mpole kupita kiasi. Lakini wamisionari vijana waliotumwa kutoka Uingereza hawakutengeneza makosa hayo kwa subira. Katika mkutano wa Onitsha wa mwezi wa Agosti 1890, waliwasimamisha kazi makasisi Waafrika, hata mtoto wa askofu, Dandeson Crowther. Mzee aliyekuwa amepita miaka themanini alihukumiwa na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipoanza kazi. Alijiuzulu katika halmashauri ile, lakini hakuliacha kanisa lake, wala hakuwachochea watu kufanya fujo. Alikufa katika Lagos tarehe 31 Desemba 1891, na mahali pake akawekwa askofu Mwingereza.

Kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi. Tazama yaliyofuata. Huko juu ya mto, ambako vijana wa Ulaya walishika kazi, viongozi wao wawili walikufa upesi, mmoja mwaka 1891 na mwingine mwaka 1892, na kazi yao ikafifia. Katika Lagos Wakristo wengine walikasirika, wakajitenga mwaka 1891 na kuanzisha kanisa lao. Lakini makanisa ya pwani, katika Bonny na miji ya jirani, yalijitegemea mwaka 1892 chini ya Dandeson Crowther. Yaliwalipa walimu wao kwa fedha zao wenyewe, nayo yakazidi kukua.

Ilipita miaka ipatayo sitini kabla Mwafrika mwingine hajapewa dayosisi yake mwenyewe katika Nigeria. Mwaka 2014, ilipotimia miaka mia na hamsini tangu Crowther awekwe kuwa askofu, Askofu Mkuu wa Canterbury alikiri mbele ya watu kwamba mzee huyo alitendewa isivyo haki.

Maisha ya Crowther yanatufundisha kwamba kanisa ni kama mti. Mgeni aweza kuleta mbegu, na ni vema ashukuriwe. Lakini mti hauishi kwa mikono ya aliyeuleta, huishi kwa mizizi yake katika udongo wa mahali pale. Nyakati zikibadilika, na kila mara hubadilika, mti wenye mizizi hutikisika lakini hauanguki. Crowther alitia mizizi hiyo kwa kalamu, kwa subira, na kwa kuwasikiliza watu wake.