Ahmad bin Majid, Mwalimu wa Bahari

Kwa watu wa pwani neno mwalimu lina maana mbili. Mwalimu ndiye afundishaye watoto chuoni. Tena mwalimu ni yule aongozaye chombo baharini kwa kutazama nyota. Ahmad bin Majid alikuwa mwalimu wa namna hii ya pili, kama baba yake na babu yake.

Alizaliwa katika karne ya 15 huko Julfar, karibu na Ras al-Khaimah ya leo, katika pwani ya Uarabuni. Alipima nyota kwa kibao cha mti. Alikishika mbele ya jicho, upande wa chini ukigusa ukingo wa bahari, na upande wa juu ukiigusa Nyota ya Kaskazini. Kipimo walikihesabu kwa vidole. Kila chombo kilivyokwenda kusini, ndivyo nyota ile ilivyoshuka, hata ikazama.

Ninyi mkaao Cheyo hamjaiona kamwe, kwa maana Tabora iko digrii 5 kusini ya ikweta. Na Kilwa ni kusini zaidi. Basi, aendaye Kilwa na Sofala ataijuaje njia? Bin Majid alizipima nyota nyingine, kama zile mbili ziitwazo Farkadani, akaziandika hesabu za bandari, nyingi kwa mashairi, ili mabaharia wazihifadhi moyoni. Kitabu chake kikubwa ni cha mwaka 1490 hivi.

Mwandishi mmoja wa Makka katika karne ya 16 alimshtaki kwamba, akiwa amelewa, aliwaonyesha Wareno njia ya Bara Hindi. Kweli Vasco da Gama alipata rubani Malindi mwaka 1498. Lakini habari za Wareno zasema ni mtu wa Gujarat, na wataalamu wengi leo hawaisadiki hadithi ile.

Maandiko yake yalichapishwa Paris tangu mwaka 1921, na shairi la njia ya Sofala likachapishwa Urusi mwaka 1957. Lakini kuyasoma si kazi nyepesi. Siku zile Nyota ya Kaskazini ilikuwa mbali na ncha ya mbingu kwa digrii 3 na zaidi. Leo haifiki hata digrii 1. Ampimaye kwa mbingu ya leo atamwona mkosaji bure. Kwa hiyo wataalamu huirudisha mbingu nyuma kwa hesabu, hata ikawa kama ilivyokuwa mwaka 1490, ndipo huvihesabu vidole vyake. Naye mwenyewe alijua ya kuwa nyota ile huzunguka, akafundisha namna ya kukisahihisha kipimo.